Kumbe Hukuwa na Jini

Mama,

Leo sianzi kwa kukuombea, nitakuombea nikishapoa. Nimekasirika, na wewe ndiye uliyenikasirisha.

Hitima yako ilipokwisha tu, Shangazi alipanda ngazi na wanawe, wakaanza kupima chumba chetu cha juu. Yule Shangazi ambaye miaka yote hakuthubutu kuvuka kizingiti! Nikamuuliza kama haogopi. Akacheka. "Mamako alinitaka radhi kabla hajafa. Hakuwa na jini lolote, mwanangu. Alitufanya wajinga sote."

Sote, Mama. Hata mimi.

Unakumbuka vile vidudu vya mistari ya njano na nyeusi kwenye maua ya mrehani wetu kule darini? Nilikimbia nikidhani ni nyigu. Ukamdaka mmoja kwa mkono mtupu, ukanionyesha: "Huyu ni nzi tu. Mbawa mbili, na mwiba hana. Ndege aliyewahi kuumwa na nyigu, akiziona rangi hizi humpisha." Nikakuona una akili kuliko mwalimu wangu. Kumbe ulikuwa ukinisimulia maisha yako.

Baba alipofariki, Shangazi alitaka tuhame, na wiki hiyo hiyo jini likakupanda. Kila Alhamisi leso nyekundu kichwani, ubani, kunguruma. Shangazi utotoni alimuona bibi yake akipagawa kweli, na bibi huyo akampiga hadi akamvunja jino. Alipouona wekundu wako, akatupisha. Tulikaa kwa amani, sikatai.

Lakini mimi Alhamisi nililala uvunguni, Mama. Nimekuogopa hadi nikaolewa, hadi nikaachika na kurudi na mtoto. Mapajani pako sikulala. Siri ukampa aliyetaka kututoa, mwanao ukaniacha na hofu. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko chumba.

Jana walirudi na kabati lao. Nikajifunga leso yako, nikanguruma mlangoni. Walisita kidogo, kisha binamu akacheka, wakaliingiza. Nyuma yangu mwanangu alikuwa akitetemeka, amejibana ukutani. Nikaivua leso pale pale mbele yao, nikampakata. Nikamwambia, "Ni mimi. Hakuna jini. Halijawahi kuwako."

Chumba nitakipigania kwa Kadhi, kwa maneno yangu mwenyewe. Na huyu mtoto, nakuahidi, hataniogopa hata siku moja.

Pumzika, Mama. Bado nimekasirika.

Mwanao