Bibi, Mikate ya Watu Imechelewa kwa Ajili Yako

Mwanza, Alhamisi alasiri

Kwa Bibi Mwanahawa, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Zuhura, wewe unayemsomea Bibi barua hii, kama bado anatafuna tambuu muitikie wewe marahaba, kisha umsomee taratibu, wala usiruke pale ninapomsema. Bibi, u hali gani? Magoti yanasemaje? Na yule jogoo wako mwenye kiburi anawika bado, au mmeshamla bila mimi? Mie mzima wa afya, uzuri ndiyo usiseme, Mwanza nzima hawajapata kuona. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unasema sauti yangu inatoka mtungini, halafu unanikatia.

Nimesikia mjomba ameshanitengea nafasi dukani kwake Zinga, na wewe umeshatangaza mtaa mzima kwamba narudi. Taratibu, mke wangu. Ni kweli nilibakiza kidogo tu nirudi, tena kwa aibu, na wa kulaumiwa ni wewe. Sikiliza.

Ile programu tunayotumia kuandikia programu nyingine ni kama jiko lako: mbuzi, kinu, kisu, kawa, vyote chumba kimoja. Ila kisu chako hakina ubishi. Hii naandika nusu ya neno, yenyewe inamalizia, tena inamalizia siyo. Kama shangazi Mwanaidi, hujasema unataka nini ameshakupakulia. Na vitufe vyake! Ukitaka jambo la maana ubonyeze vitatu kwa mpigo, vidole vimetanuka kama mpiga kinanda wa taarabu. Juzi nikakosea kimoja, mistari yote ikatoweka. Nikasema innalillahi, kazi ya mwezi imekwenda. Kumbe imejikunja tu, kama mkeka.

Sasa, kuna mama mmoja hapa ana tanuri la mikate. Tumemtengenezea programu ya kupokea oda: mwenye duka anabonyeza simu yake, nataka mikate kadhaa ya kesho, tanuri linapata habari. Pale pa kuhesabu siku nimepaandika mimi, peke yangu, mtoto wa kidato cha nne cha kusukumwa, nikatamba mpaka watu wakanichoka. Mara wenye maduka wakaanza kulalamika. Anayeagiza mchana anapata mkate kesho yake. Anayeagiza jioni anaupata keshokutwa! Tukijaribu ofisini mchana, programu inateleza kama mlenda. Jioni watu wanakosa mkate. Utadhani imepandwa na jini wa magharibi.

Mwenye ofisi ni Bwana Masanja, Msukuma, kwa hiyo mtani wetu, na utani huo anautumia vibaya. Mie dawa yangu siku zote ni kuiambia programu ipige kelele njiani. Hapa naandika NIMEFIKA, pale naandika BADO NIPO, ili nione inakwama wapi. Basi kelele moja nikasahau kuitoa. Haji mmoja wa kuheshimika, mwenye duka, akaagiza mikate yake, simu ikamjibu: BADO NIPO, MJINGA WEWE.

Usicheke, Bibi. Yule mzee alikuja ofisini na kanzu yake.

Alipoondoka, Bwana Masanja akafunga mlango. "Mswahili wa pwani," akasema, "hizo kelele ni za kunadia samaki. Chombo cha kusakia makosa kimo humohumo ndani, kinaitwa dibaga. Umewahi kukifungua?"

"Bosi, mie nasaka kwa macho."

"Macho yako ndiyo yamemtukana haji. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukilipata kosa kwa dibaga, majaribio yamekwisha, nakuajiri. Usipolipata, panda basi urudi kwa bibi yako mkamenye mihogo."

Hiyo dibaga, Bibi, ni hivi: unabandika doti nyekundu kwenye mstari, programu ikifika pale inasimama tuli, nawe unaikagua imeshika nini mkononi. Vizuri sana kwa maneno. Nikabandika. Ikasimama kwa kila oda! Oda ya mikate, simama. Oda ya maandazi, simama. Mama anafuta oda, simama. Na ukikosea kitufe cha kusogezea, inakutumbukiza ndani ya mistari waliyoiandika watu wengine huko ulimwenguni, unaingia mlango huu, unatokea uani kwa jirani, hujui hata uombe radhi kwa nani. Nimetukana kwa Kikwere chetu ili bosi asielewe. Nadhani alielewa.

Jana Jumatano, nikiwa kichwani nimeshafunga begi, nikabonyeza ile doti kwa hasira, kwa kitufe cha upande usio wake. Ikafunguka sehemu ya kuandikia sharti. Kumbe doti nayo ina masharti, kama mganga! Nikaiandikia: usisimame mpaka saa ipite kumi na mbili jioni.

Nikangoja. Adhana ikatoka, nikaenda kuswali, nikarudi. Oda ya kwanza ikaingia, programu ikasimama kwenye doti. Nikakagua. Duka, sawa. Saa, sawa. Leo ni: Alhamisi.

Nikatazama kalenda ukutani, Jumatano. Nikatazama simu, Jumatano. Programu imeng'ang'ania Alhamisi, na kwa hiyo kesho yake ni Ijumaa, na mtu wa watu atakula nini Alhamisi? Nikaurudia mstari unaoamua leo ni lini. Wangu mwenyewe: magharibi ikiingia, siku mpya.

Bibi! Nani kanitia hayo kichwani? Nani alikuwa akinifinya kila Alhamisi adhana ikitoka, "Ijumaa imeshaingia, zima redio tumsomee babu yako Yasini"? Siku inaanza magharibi, mie nalijua hilo kama ninavyojua nazi ina maji, wala sikufikiri wakati naandika. Hawa wenzetu siku yao inaanza saa sita ya usiku, watu wamelala, hata wa kuikaribisha hakuna. Siku gani inaingia kama mwizi?

Nikamwita bosi. Akainama kwenye kioo. "Hii Alhamisi umeitoa wapi?"

"Kwa bibi."

"Bibi yupi?"

"Wa Bagamoyo. Kwetu siku inaingia na magharibi."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Yaani ajuza mmoja wa Bagamoyo amewanyima mkate watu wa Mwanza!"

"Mtani, taratibu, huyo ni mke wangu."

Nikaurekebisha mstari mbele yake. Tukaagiza mikate, tarehe ikatoka sahihi. Akanipa mkono. "Umeajiriwa. Kesho saa mbili asubuhi uwe hapa. Tena nisikilize vizuri: kesho yangu mimi, siyo ya bibi yako."

Basi sirudi, mke wangu. Mwambie mjomba nashukuru, nafasi ile ampe mwingine, na usimnunie mtu kwa ajili hiyo. Nikipata likizo nitakuja, nikulie wali wa nazi mpaka unifukuze. Nisalimie mama, umwambie nakula, sato wa huku ni mnene ingawa hajui tui. Nisalimie shangazi Mwanaidi, lakini pale kwenye jina lake Zuhura apasome kimyakimya. Na mwalimu wangu wa chuoni, aliyesema sitafika mbali, mwambie Mwanza ni mbali.

Jua linakaribia kuzama hapa. Ofisini leo itabaki Alhamisi mpaka hiyo saa sita yao; nimekubali, ndiyo kazi. Ila adhana ikitoka, chumbani kwangu Ijumaa inaingia. Mkifungua Yasini huko, nami nimeshafungua huku.

Mumeo, mzuri kuliko marehemu (babu atanisamehe),

Selemani