Anayemwogesha Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. U mzima huko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi tunaendelea. Baba upande wake wa kulia haujaamka tangu kiharusi, ila maneno yanarudi mojamoja na chakula anakula.

Nina jambo linanikereketa. Unamkumbuka Msumari, aliyefanya kazi na Baba kwenye kiwanda cha mbao? Ndiye aliyesema Baba alitoa kinga ya msumeno, kile kifuniko cha meno yake, siku ile mwenzao alipokatwa vidole. Baba akafukuzwa, nawe ukaacha shule. Basi miezi miwili iliyopita alibisha hodi, msalaba wa mbao kifuani, akasema kikundi cha huduma cha kanisa kimemtuma kuogesha wagonjwa.

Roho yangu ilikataa. Nilimruhusu kwa kuwa mgongo wangu umechoka kumwinua Baba, lakini macho sikumwondolea. Nilipekua mfuko wake: sabuni, taulo, wembe. Hati ya nyumba nikaificha kwenye pipa la unga. Katekista aliniambia msalaba ni kubeba kisicho chako kwa ajili ya mwingine. Nikamjibu kwamba kuuvaa ni rahisi, hata mwizi ana shingo.

Juzi asubuhi nilikuwa nje ya mlango na ndoo ya maji moto nikamsikia anasema, "Mzee, ile kinga niliitoa mimi."

Baba akajibu, "Nilikuona."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Mkeo alikuwa amejifungua wiki ile."

Nilisimama pale mpaka maji yakapoa. Nilimkasirikia Msumari, halafu, Mungu anisamehe, nikamkasirikia Baba zaidi. Yeye kubeba aliamua mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, nani alikuuliza? Alipoondoka mgeni nilimwambia Baba hivyo hivyo. Alilia kwa jicho moja, akasema hilo ndilo humwamsha kila alfajiri.

Msumari bado anakuja. Anamgeuza Baba taratibu, anamkausha mpaka katikati ya vidole vya miguu. Nami bado namchungulia. Sijui kama ni toba ya kweli au ni hofu ya kufa na siri yake. Huenda hata yeye hajui.

Sasa anaomba anwani yako, anataka kukuandikia. Sijampa. Baba hasemi nimpe wala nisimpe. Utakavyoamua ndivyo nitakavyofanya. Safari hii umeulizwa.

Shangazi mshonaji anakusalimu, anasema usikonde. Binamu yetu dereva naye anakusalimu, pamoja na watoto wake wote. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe moyo mwepesi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira.