Ukifika kwa Bwana Marufuku

Mwanangu Zuhura,

Umekosa adabu. Nakwambia hilo kabla ya salamu, lisije likapotea katikati ya kuulizana hali. Umeniletea picha za nyumba ya Kiembe Samaki, picha baada ya picha: geti, vigae vinavyong'aa, vyoo vitatu, pahala pa kulaza gari mbili. Chini yake ukaandika: "Mama usijali, kila Ijumaa tutakuja kukuchukua." Mimi si kanzu, Zuhura, ya kutolewa kabatini Ijumaa kwa Ijumaa.

Haya. Asalaam aleikum. Mimi mzima, goti linauma, namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mwalimu Asha wa hapa chini ataipiga picha aitie kwenye simu, na nimemruhusu awaonyeshe na wenzio, maana nyinyi mnaorudi kutoka Maskati na Dubai na wapi sijui, ugonjwa wenu mmoja. Mnachagua nyumba kwa kuhesabu vyoo. Hakuna anayeuliza: mwanangu akitoka mlangoni, miguu yake itampeleka wapi, na nani atamwona akipita?

Na wewe ndiye wa kuuliza kuliko wote. Hebu nikukumbushe, kama Maskati imekusahaulisha.

Mimi nililetwa mjini na ndoa, unajua. Chwaka nilikuwa nikimtambua mtu kwa mwendo wake, yuko mbali kule. Hapa Mji Mkongwe mtu unamwona akishakukanyaga. Miezi ya mwanzo nilitembea na kiganja ukutani, nisipotee, marehemu baba yako akanicheka mpaka akachoka. Na lililonitisha zaidi ni maandishi. Msahafu nnausoma, chuo cha Kurani nilihitimu. Lakini herufi za skuli niliziacha darasa la pili, nilipotolewa kulea wadogo zangu. Mjini kila ukuta una neno, na mimi nikipita kama kipofu mwenye macho. Hakuna aliyejua. Aliyeshuku nilimnyamazisha kwa jicho.

Ukaanza skuli. Kila asubuhi nakushika mkono, tunapita vichochoro, nakuacha langoni, mimi naendelea Darajani kununua samaki. Njiani ilikuwapo ile nyumba kubwa yenye madirisha yaliyofungwa, na ukutani kwake maandishi mekundu, makubwa, yamepangwa vizuri. Mimi nikayakatia hukumu: hilo jina la mwenye nyumba. Nikawa naelekeza watu. "Ukifika kwenye jina la mwenyewe, kata kulia." Nikamwambia hata Mzee Makame, yule seremala wa masanduku wa nyumba ya pili: "Mtu gani huyu kujiandika jina kubwa hivi? Ana majivuno."

Siku ile ukasimama. Ulikuwa na miaka saba, jino la mbele huna. Ukasoma kwa sauti ya darasani, ile inayofika kona ya pili:

"Ma-ru-fu-ku ku-ko-jo-a ha-pa."

Barazani walikuwapo wanywa kahawa wanne. Nusura vikombe viwatoke. Makame akainuka kabisa, akanifanyia heshima kwa kofia mkononi: "Bi Mwanakheri! Kumbe ndiye huyo mwenye majivuno? Bwana Marufuku bin Kojoa!"

Nilitamani ukuta unimeze. Na wewe, Zuhura, hukucheka. Ulinitazama mara moja tu. Ukawageukia wazee wazima wale, mkono kiunoni, ukawaambia: "Mama anajua. Alikuwa ananijaribu mimi."

Makame akavaa kofia yake.

Toka kesho yake ukawa hutembei ila kwa kusimama. Ukifika kwenye kibao: "Mama, nijaribu." Nami naoneshea kidole kwa ukali, kama mwalimu: "Haya, hilo nini?" Wewe unasoma polepole, herufi moja moja, unanisubiri. Mimi nafuata kwa midomo ndani ya buibui. DUKA. CHEREHANI. BARAFU IPO. Njia ya dakika kumi tukaifanya ya nusu saa, na mwalimu wako akaniita kuniuliza kwa nini mtoto anachelewa. Nikamwambia mtoto mvivu wa kutembea. Nisamehe kwa hilo.

Unamkumbuka Mzee Jivan wa duka la vitambaa? Alikuwa akituchungulia juu ya miwani. Hajasema neno hata siku moja. Ila asubuhi moja nikakuta katoa kibao kipya, herufi kubwa kama mikate: KANGA MPYA ZIMEFIKA. Aliponiona nimesimama, akaingia ndani akajifanya anakunja doti. Nikasoma peke yangu, wewe pembeni umeuma kidole. Mwisho nikamaliza. Nikaingia nikanunua kanga ya kwanza maishani mwangu niliyoichagua kwa maneno yake, si kwa rangi. Mzee Jivan akanambia: "Macho yako mazuri leo, Bi Mwanakheri." Mungu amlipe pale alipo.

Basi niambie. Ungenisomesha wapi ndani ya gari? Kibao cha njiani kwa gari ni kama nzi, kimeshapita. Mama yako kasoma kwa sababu alikwenda kwa miguu, na mtoto, mahali penye kuta za kusoma na watu wa kutuona na kukaa kimya.

Tuje Idi iliyopita, mlipokuja. Mumeo Haji ni mtu mwema na nampenda, lakini siku ile alinitia aibu. Katoka kununua maji, wakati wa kurudi akafuata simu. Akapita mbele ya baraza mara ya kwanza, kimya, macho kwenye simu. Mara ya pili. Mara ya tatu Makame akamuuliza mwenziwe kwa sauti, kusudi asikie: "Huyu bwana anapima mtaa?" Haji akapita tena! Hakuna aliyemwambia njia, na sikuwalaumu. Hakutoa salamu, watamwelekezaje mtu ambaye hajafika? Mtu wa Makunduchi yule, kwao salamu tu zinakwisha chai ikiwa imepoa, kaenda kuiacha wapi adabu ile? Mara ya nne jasho likamkumbusha. "Asalaam aleikum, wazee wangu." Makame akainuka papo hapo, akamshika mkono, akamleta mpaka mlangoni kwangu. "Bi Mwanakheri, mkweo huyu. Alikuwa kapotea kwenye simu."

Nasra je? Nasra wako ana miaka tisa na alipofika hapa alikuwa akimtazama mtu viatu. Shikamoo yake ilikuwa ya kutolewa kwa koleo. Siku ya nne akasema anataka kwenda kununua boflo peke yake. Wewe rangi ikakutoka. Nikakwambia kaa. Ukasimama dirishani unang'ang'ania nondo, mtoto kachelewa, unataka kuteremka, nikakwambia kaa, Zuhura! Kisha tukamsikia kabla ya kumwona. Unakumbuka? Shikamoo ya mbali. Shikamoo nyingine karibu kidogo. Shikamoo, shikamoo, kama mtu anayevuta tasbihi, mpaka chini ya dirisha letu. Akapanda ngazi mkate umeshatafunwa ncha, anahema.

"Bibi, mbona wote wananijua?"

"Hawakujui wewe. Wanaijua pua hiyo, ya mama yako."

Akakugeukia wewe, kumbe ulishamsimulia: "Mama, nimemwona Bwana Marufuku!"

Ukalia. Ulidhani sikuona. Niliona.

Sasa nisikilize, maana sitaki ukaseme nimekudanganya. Nyumba za huku zina ukungu. Chokaa inakuangukia kwenye mchuzi. Maji yana siku zao. Vespa zinapita kichochoroni kama zinafukuzwa, na wageni wenye kamera wataikuta nguo yako ya ndani kwenye kamba na wataipiga picha. Ngazi zetu ziliwekwa na mtu aliyewachukia wazee. Yote kweli. Na Kiembe Samaki sipaoneshi kidole, watu wake waungwana, dada yangu Mosi yuko huko na bustani yake nzuri. Lakini alipougua mwaka huu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta aliipata habari kwa simu niliyompigia mimi, niliye huku mjini. Si roho mbaya. Geti tu.

Mimi mwezi uliopita goti lilinizuia siku tatu sikushuka. Sikukwambia, usianze. Siku ya pili mke wa mtoto wa Jivan kanipandishia dali ya dengu na wali, kaweka, kaondoka, hakuuliza swali. Siku ya tatu Makame kasimama chini akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Bi Mwanakheri! Umekufa au umenuna?"

"Nimenuna!"

"Basi kheri. Nakuletea samaki, changu."

Hicho ndicho nnachotaka Nasra akirithi. Vyoo vitatu atavijenga mwenyewe akikua.

Na sikuiti uje kuniuguza. Ningetaka muuguzi ningesema muuguzi. Nnakuita kwa sababu nina deni la shukurani kwako ambalo sijawahi kulitamka, kwa kiburi changu tu, na nimeona afadhali niliandike, kwa kuwa wewe ndiye uliyenipa herufi za kuandikia. Ahsante, mwanangu. Ahsante kwa ile "ananijaribu mimi." Ulikuwa na miaka saba na ukanifunika mbele ya watu kama mtu anavyomfunika mwenziwe kwa kanga mvua ikinyesha. Kila ninaposoma jina la dawa, kila ninaposoma ujumbe wako wa asubuhi, nakuona pale na mkono wako kiunoni. Nilikutukana mwanzo wa barua, na bado umekosa adabu, lakini ahsante.

Sasa lililobaki. Ile nyumba ya Bwana Marufuku imetengenezwa. Madirisha yamefunguliwa, ngazi mpya, ghorofa ya pili iko wazi, na wenyewe wanataka familia yenye watoto, hawataki gesti. Skuli ya Nasra ni njia ile ile. Ofisi ya Haji iko Vuga, atakwenda na kurudi kwa miguu na kitambi kitamshukuru. Kutoka kwangu mpaka hapo, kwa goti hili, ni kupumzika njiani mara moja tu. Nimewaambia wangoje mpaka Alkhamisi, na Makame kakaa na ufunguo mfukoni, kamkatalia kila mtu.

Na ukuta wamesema hawautii rangi mpaka mje. Mvua za masika zimekula chokaa, "kukojoa hapa" imekwenda na maji. Limebaki neno moja, jekundu, MARUFUKU. Basi baada ya miaka yote hii limekuwa jina kweli. Mama yako hakukosea, aliwahi tu.

Mpigie dalali wa Kiembe Samaki leo hii, umwambie hapana, na useme ahsante kwa adabu. Siku mkifika, gari iwashushe Darajani, mizigo muitie kwenye mkokoteni. Haji aitie simu mfukoni na atangulize salamu. Wewe kaa nyuma. Nasra apite mbele, asishikwe mkono, na asipojua njia aulize. Mkifika kwa Bwana Marufuku msigonge, pigeni hodi, mimi ntakuwa nshateremka, niko barazani. Mwambie Nasra asome ukuta kwa sauti. Na mtu yeyote akicheka, mwambie amjibu: bibi ananijaribu.

Mama yako,
mwanafunzi wako wa kwanza