Jicho la mke wangu haliponi, nami najua kipimo cha zamani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, ila usinihukumu kabla hujafika mwisho. Mimi ni mzee, nilikuwa fundi wa maabara katika nchi niliyoikimbia miaka thelathini na moja iliyopita, na sijaacha kuikumbuka meza yangu ya dirishani, maana kazi yetu ilikuwa kupima kama virusi vimekuwa sugu kwa dawa, na tuliifanya kwa macho na vidole: tunaotesha seli kwenye visahani hadi zitande kama zulia, tunazitia virusi, kila kisahani tunakipa dawa kali kuliko cha kabla yake, tunafunika kwa uji unaoganda, siku ya tatu tunapaka rangi ya zambarau na kuhesabu vitundu, kwa kuwa kila kitundu ni mahali virusi vilipoua seli, na vikibaki vingi hata penye dawa kali, basi virusi hivyo vimeishinda. Wenzangu waliniita Mzee wa Vitundu nikiwa bado kijana asiye na mvi.

Sasa mke wangu ana virusi vya malengelenge kwenye jicho la kushoto, miezi mitano anameza vidonge, ukungu unazidi, kitabu anakisoma kwa jicho moja. Daktari alipeleka sampuli, mashine ikasoma vinasaba, jibu likaja kwamba hakuna usugu unaojulikana. Nikampigia simu binti anayesimamia maabara, nikamwambia, "Mashine yenu inawatambua wezi waliokwisha kupigwa picha tu. Nileteeni visahani nihesabu mwenyewe!" Akacheka. "Babu, visahani hivyo vilitupwa hata kabla sijaajiriwa. Ila maabara kuu bado wanakifanya kipimo hicho. Daktari akiandika, tutapeleka."

Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu daktari ataniuliza kwanza kama mgonjwa anameza dozi kamili, na hamezi, mshauri. Mimi ndiye ninayemgawia: ni vidonge vitano kwa siku, nampa vitatu, viwili naviweka kwenye kopo nyuma ya vitabu, kwani tulipokuwa tukiikimbia nchi yetu, dawa ziliisha njiani, homa ikamshika nusura nimzike, nikaapa hatutaishiwa tena. Yeye hajui. Kila asubuhi ananyoosha kiganja, "Haya, mzee mwenzangu, duka langu la dawa limefunguliwa?" nami natabasamu. Nitapataje kipimo kile bila kumvunja moyo?

Mzee wa Vitundu

JIBU

Mzee wangu, pole kwa nchi uliyoiacha, na pole zaidi kwa hofu uliyotoka nayo. Umeisimulia meza ile hadi nami nimeitamani. Lakini tusidanganyane: hutafuti kipimo, unatafuta shahidi wa kukutetea. Vitundu vikiwa vingi, useme, "Kumbe ni virusi, si mimi."

Mimi si daktari. Wewe ndiye uliyekaa miaka mezani ukiona kwamba dawa pungufu haiui virusi, huvipa nafasi ya kuizoea. Msaidizi wako angepunguza dawa kwenye kisahani kimyakimya, ungemfukuza siku hiyohiyo. Nyumbani unalifanya hilohilo, tena kwa tabasamu! Na mashine unayoisimanga huenda imesema kweli tupu: virusi si sugu, dawa ndiyo haitoshi.

Leo hii chukua kopo hilo, mwende wote wawili kwa daktari. Usimmezeshe akiba yako kufidia, wala usimpandishie dozi kwa kubahatisha. Mweleze daktari alichomeza hasa, na tangu lini. Mweleze pia hofu yako ya kuishiwa. Si aibu, na yeye ndiye anayeandika dawa. Kuhusu kipimo cha zamani, mwachie aamue akiwa na ukweli mkononi. Kikihitajika, kitafanywa.

Lakini kabla hamjatoka nyumbani, mwambie mkeo. Usianze na habari za njiani ili akuonee huruma kabla hajajua anachokusamehe. Anza na vile vidonge viwili. Atakasirika, na ana haki. Kaa hapo umsikilize hadi amalize. Jicho ni lake.