Kapteni Ambaye Hakupindua Serikali

Richfield, Jumanne jioni

Nimemchekesha Bibi Astrid! Tangu amzike mumewe, wiki ya tatu sasa, hajacheka wala kumaliza sahani, na mimi ninayemhudumia hapo kwake nilishaanza kuogopa. Binti yake naye anapiga simu kila saa.

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye picha ya babu wa babu yake, yule mwenye sharubu na magwanda. Nikauliza ni nani. Akasema alikuwa kapteni wa jeshi huko Norwei, karne ya kumi na tisa, kisha akaingia kwenye siasa.

Mimi kwetu nimekua nikisikia redioni serikali za nchi jirani zikipinduliwa na wanajeshi. Nikauliza kwa heshima zote, "Alipindua serikali mwaka gani?"

Akanikodolea macho. "Apindue? Alipigiwa kura!"

"Na bunduki zilikuwa wapi?"

"Stoo, nadhani."

Basi, alicheka mpaka meno ya bandia yakahama. Akaendelea mwenyewe: kapteni alikaa bungeni akidai shule na barabara, na siku moja akapiga kura jeshi lake mwenyewe lipunguziwe bajeti. Maafisa wenzake wakagoma kumsalimia, hata kanisani. Afande wa hivyo sijawahi kumsikia.

Supu ilipoiva, alivuta kiti cha marehemu, ambacho hajaruhusu mtu akikalie tangu msiba.

"Kaa ule, mpinduzi."

Nikakaa. Nimekipata kwa kura moja.