Waliniombea Katikati ya Shairi

Mjini Baraka, Kongo, Alhamisi jioni. Mvua imekatika, matope yamebaki, na hasira yangu nayo imebaki.

Niandike mambo yalivyokuwa, maana mtaani yameshatiwa chumvi. Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa letu, nilitoa shairi lisilo na neno hata moja. Ni pumzi na sauti tu: hii, ha, ts-ts, kisha kimya. Asende alikuwa kwenye gitaa, Nestor akigonga bidoni tupu la mafuta. Hatukufanya mazoezi. Tulikubaliana tu kwamba kila mmoja amsikilize mwenzake na asipige kitu anachokijua tayari.

Sauti zile sikuziokota hewani. Ni za mama yangu akitwanga sombe, majani ya muhogo, ile pumzi inayomtoka kila mchi unapotua. Nimekua nazo. Lakini sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe.

Basi katikati ya shairi, Mama Furaha wa kikundi cha maombi akaamini nimeshukiwa na Roho. Akaja mbele, akaniwekea mkono kichwani, akaanza kuomba kwa sauti kubwa. Ukumbi ukaitika amina. Nestor, Mrundi wetu asiyeshtushwa na kitu, akaifuata sauti yake kwa bidoni. Nami nikaendelea. Ilikuwa sehemu tamu kuliko zote, nisidanganye.

Ubaya ulikuja baadaye, waliponiuliza ni Roho gani, nikajibu hakuna, ni mimi tu.

Jana kiongozi wa kwaya akaniita. "Kama haiko Roho, basi iko pepo. Dimanche utaomba pardon mbele ya bantu bote, ao unaacha chorale."

Nimeimba katika kwaya hiyo tangu utotoni. Sina pengine pa kuimbia hapa Baraka. Hilo linaniuma, na wanalijua.

Lakini niombe radhi ya nini? Ya kupumua?

Mama naye alikuwa hajanisemesha tangu Jumamosi. Alikuwepo ukumbini, nyuma kabisa, kitenge mdomoni. Leo asubuhi alikuwa akitwanga, mimi nikichambua majani kando yake. Akasimamisha mchi.

"Ile ya siku ile, ilikuwa mimi?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akatwanga tena kidogo bila kuniangalia. "Ulisahau fasi yenye nabadilishaka mukono."

Nikatega sikio. Kweli, anapobadilisha mkono pumzi inakatika, mchi unachelewa kidogo kutua, kisha vinarudi pamoja. Miaka yote hii nilikuwa sijawahi kuisikia.

Jumapili nitasimama mbele ya watu wote kama wanavyotaka. Radhi sitaomba. Nitalianza shairi upya, na safari hii mkono nitaubadilisha. Wakinitoa kwenye kwaya, wanitoe likiwa limekamilika.