Herufi Mbili za Josiah Pellow

Jumanne, 3 Juni 2014

Baridi ya kukata masikio. Lindsay kapiga simu toka Hobart kabla sijamaliza kumlisha Mama uji. Kaka yangu huyu hajui kujulia mtu hali – moja kwa moja kwenye shida yake. Chama cha Familia za Walowezi Huru kinataka ushahidi wa maandishi ndipo kituingize kwenye kitabu chao. Yeye ana shughuli nyingi. Mimi, eti, nipo nipo tu nyumbani.

Nipo nipo tu! Mama hatembei mwaka wa kumi na tatu huu.

Nitakwenda. Ushahidi wenyewe kila mtoto wa nyumba hii kaukariri: orodha ya watu wa koloni ya 1823, enzi wafungwa walipoletwa huku kwa meli: mzee wetu wa kwanza, Josiah Pellow, na mbele ya jina herufi mbili, F.S. F ni free, huru; S ni settler, mlowezi – tulifundishwa pamoja na sala ya chakula. Baba aliutia mstari huo kwenye fremu, akautundika juu ya meza. Ndio aliomwonyesha Royce Trask Machi 1969, alipokuja kuniposa. Alimwambia sisi tulikuja kwa hiari yetu, ninyi mlikuja na pingu miguuni, na doa hilo haliingii humu ndani. Royce akachukua kofia yake akaondoka. Hakurudi. Hata barua. Nikamwita mwoga, na nimemwita hivyo miaka arobaini na mitano.

Alhamisi, 5 Juni

Bi. Heazlewood wa jirani kakaa na Mama, mimi nikaenda Hobart kwenye ofisi ya nyaraka za kale. Binti wa kaunta, Tamsin, kaniletea orodha. Mstari ule ule! Nikafurahi kama mjinga, nikaomba nakala yenye mhuri. Akanitazama kwa huruma. Akaniuliza kama nimesoma maelezo ya ukurasa wa kwanza. Sijayasoma. Hakuna Pellow aliyewahi kuyasoma.

"Waliokuja huru wameandikwa C.F., came free," akasema. "F.S. ni free by servitude, huru kwa kutumikia, mama. Yaani amemaliza kifungo."

Nilicheka, kwa sauti, mpaka mzee mmoja akageuka.

Kifungo! Baba alikula chini ya kifungo hicho maisha yake yote, huku akiwahukumu majirani. Na Lindsay keshaagiza kibao cha shaba cha getini, chenye herufi hizo hizo.

Jumanne, 10 Juni

Nimerudi tena. Nilitaka kujua aliiba nini. Tamsin kaniletea daftari la mwenendo wa wafungwa, herufi P. Peck. Baada ya Peck, Penfold. Katikati, ukingo mwembamba wa karatasi. Ukurasa umekatwa kwa wembe.

Tamsin hakushtuka. Kasema familia nyingi za maana zilifanya hivyo zamani. Kuna vitabu vimebaki majalada matupu. Nikajua ni Baba. Nikaomba daftari la wasomaji la mwaka ule wa posa, nione sahihi yake, nipate pa kutemea mate.

Si sahihi ya Baba. R. Trask, Ijumaa, 21 Machi 1969. Siku tisa baada ya kufukuzwa.

Sijala kitu leo. Kumbe alitafuta. Akapata, akakata. Alikuwa na kitu cha kumtupia Baba mezani – sasa mbona hakuja? Wa kumuuliza hayupo. Alikufa 2009, nilisoma tangazo gazetini: mke, watoto wanne. Nililia mchana ule, nikamwambia Mama ni vitunguu.

Jumatano, 11 Juni

Nimemweleza Lindsay kwa simu. Kauliza nani mwingine anajua. Nikamwambia siku hizi babu mfungwa ni fahari, watu wanamtafuta kwa tochi. Kasema si kwenye Chama. Hajauliza neno juu ya Royce.

Jumapili, 15 Juni

Mama kala vizuri mchana, kondoo na viazi. Nikamweleza yote, taratibu. Macho hayaoni tena lakini masikio mazima. Hakuuliza F.S. ni nini. Hapo nikashtuka.

Nikamuuliza kama Royce alirudi.

"Alirudi," akasema. "Baba yako alikuwa bustanini na wachuma matufaha. Alinionyesha ile karatasi, anatabasamu kama mtoto. Nikamwambia umeshachumbiwa na mtu mwingine."

Na karatasi je? Mama alimwomba amwachie, akaitia jikoni, motoni. Royce hakubisha. Aliomba nitakiwe heri. Heri hizo sikuletewa.

Nikasema, yote hayo kwa ajili ya jina la Baba. Kwa ajili ya doa.

Mama kacheka, kikohozi kikambana. "Doa lilikuwa la baba yako hilo. Mimi nilikuwa na watoto wawili, Merle. Lindsay lazima angeoa aende zake. Nani angebaki na mimi?"

Alisema bila haya wala majuto. Akaomba nimrekebishie mto. Nikamrekebishia! Kisha nikatoka.

Niko verandani, vidole vimekufa ganzi. Namchukia. Nimeliandika na silifuti. Bi. Heazlewood yuko kanisani mpaka saa kumi. Naweza kuchukua koti na funguo za gari nikaenda Burnie kwa akina Trask, nikaulize kaburi la Royce liko wapi. Mtu wa miaka sitini na saba haombi ruhusa. Mama aite mpaka sauti ikauke.

Anaita. Anataka msalani.

Anaita tena, kwa upole, analivuta jina langu kama nilipokuwa mdogo. Siendi. Lindsay aje. Wafu waje.

Mara ya tatu. Haya naandika nimesimama mlangoni kwake, koti bado liko msumarini